Mtamba wa Amana

Mzee Machage ni mtu mwaminifu sana. Kama huamini mwulize mwenyewe, atakueleza mpaka chai ipoe. Atakuambia jinsi alivyomtafuta mpangaji wake Odongo kila pembe ili amrudishie amana yake ya chumba, na jinsi alivyoirudisha mbele ya watu wazima, mimi Rhobi nikiwa shahidi. Hapo kwenye ushahidi ndipo damu inaponichemka. Nilikuwepo, ni kweli. Na kwa kuwa nilikuwepo nitasema nilichokiona mimi, siyo kile anachokisimulia yeye.

Miaka ile Nyamongo ilikuwa inatokota kwa dhahabu. Watu walitoka Musoma, Mwanza na ng'ambo ya mpaka, wakapita Tarime mjini na sururu zao begani. Machage alikuwa amejenga vyumba vyake Nkende, vya tope na bati, kila kimoja na kufuli lake. Mimi ni mjane, nilikuwa napika uji na maandazi, na nilipanga chumba cha mwisho, kile kinachopakana na zizi lake. Machage aliwajua wachimbaji. Leo mtu ananunulia kijiwe kizima bia, kesho anakugongea kuomba chumvi. Kwa hiyo hakumpa mtu ufunguo bila amana. Anaikalia yeye, na siku ukihama vizuri anakurudishia.

Odongo alikuja akiwa hana pesa mkononi. Alikuwa kijana wa Kijaluo kutoka upande wa Shirati, mrefu, mpole, anayeinama akiongea na watu wazima kana kwamba urefu wake ni kosa. Alikuwa amepata dhahabu yake ya kwanza, na badala ya kuinywa alikwenda mnadani akanunua mtamba. Mahari ya mke wake Everlyne ilikuwa bado haijakwisha, na mtamba yule alikuwa wa kwenda kuimalizia. Alimleta kwa kamba mpaka mlangoni kwa Machage.

"Shikamoo mzee. Pesa sina, lakini nina huyu. Mshike awe amana yangu. Siku nikihama unipe mtamba wangu, nikupe ufunguo wako."

"Marahaba. Mura, hapa siyo mnadani," alisema Machage, kwa lile neno letu la kumwita kijana, lakini macho yake yalikuwa yameshafika kwenye nyonga za yule mnyama.

Wakakubaliana. Na hapa kwetu hakuna asiyejua mambo ya ng'ombe aliyewekwa kwa mtu. Wewe unayemtunza unakunywa maziwa na samadi ni yako. Ndama ni wa mwenye ng'ombe. Akija kuchukua mali yake anakuachia mmoja wa shukrani, mnaagana kwa heri. Haiandikwi popote kwa sababu hata mtoto anayechunga anaijua.

Odongo alikaa, akaenda machimboni, akarudi, akaenda tena. Mara ya mwisho alimrudishia Machage ufunguo, akasema anahama, anakwenda kutafuta mara moja tu, kisha atampitia mtamba wake ampeleke nyumbani. Aliacha koti lake kwenye msumari akasema joto la huko halihitaji koti. Mimi aliniomba maandazi mawili ya njiani, nikampa matatu. Baada ya hapo hatukumsikia tena. Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika kwetu, na mchimbaji akishaingia kwenye yale maduara ya Nyamongo, yale mashimo ya dhahabu, hata jina lake anaacha juu. Huko chini wanaitana Kifaru, Mkono, Bwana Harusi.

Mtamba akazaa. Akazaa tena, na jike lake la kwanza nalo likazaa, mpaka zizini kwa Machage wakawa ng'ombe watano wa Odongo, wote na baka jeupe kwenye paji la uso kama mama yao. Nilikuwa nanunua maziwa yao kwa ajili ya uji wangu. Nkende nzima tulikuwa tunawaita ng'ombe wa Mjaluo.

Kisha Ryoba, kijana wa Machage, akataka kuoa. Binti alikuwa wa mzee Wangwe wa Mbalibali, huko Serengeti, mfugaji haswa, mtu anayemtazama ng'ombe kwa muda mrefu kuliko anavyomtazama mtu. Wangwe alikuja na ndugu zake kukagua mahari. Akaingia zizini akauliza huyu katoka wapi, na huyu, na huyu. Mimi nilikuwa nawapimia uji pale pale. Alipofika kwa wale wa baka, Machage akaanza kukohoa.

"Hao wana hadithi kidogo," alisema.

"Nieleze hiyo hadithi."

Alipoelezwa, Wangwe alirudisha fimbo yake kwapani. "Ng'ombe wa mtu aliye hai hawezi kuwa mahari ya binti yangu. Kesho mwenyewe atakuja Mbalibali kufungua zizi langu, na binti yangu atanirudia na watoto mgongoni. Hapana."

"Na kama amekufa?" aliuliza Machage.

"Akiwa amekufa, amezikwa, na wewe umemalizana na kwao, hilo ni jambo jingine."

Kuanzia siku ile Machage akashikwa na uaminifu. Mtu ambaye alikaa na mali ya mwenzake bila kuuliza hata salamu zake, ghafla hapati usingizi kwa sababu ya amana ya watu! Akatangaza kanisani Bomani, mahali ambapo Odongo hakuwahi kukanyaga. Akawatuma makondakta wa mabasi ya Musoma, wakati kila mtu alijua Odongo hakuelekea Musoma. Nyamongo kwenyewe, ambako angeweza kupata habari, alikwenda mara moja, akakaa kilabuni, akarudi jioni uso umenawiri.

"Mama Daudi," aliniambia, maana Daudi ndiye mwanangu wa kwanza, "yule kijana ametutoka. Kuna duara liliingia maji mvua zile kubwa. Wameniambia ndani kulikuwa na Mjaluo mrefu."

"Walikutajia jina?"

"Huko nani anajua jina la mtu?"

"Wajaluo warefu wamejaa, mzee."

Akanitazama. "Wewe kodi ya mwezi huu umelipa?"

Nilikuwa sijalipa. Akasema basi nitakwenda naye Shirati kuwa shahidi, maana amana hairudishwi bila shahidi, na kodi tutaongea tukirudi. Nilikwenda. Nilitaka kumwona huyo mama wa Odongo kwa macho yangu, na nilitaka awepo mtu mmoja pale asiyekuwa wa Machage.

Dorka, ndiye huyo mama, alikuwa mwanamke mwembamba, mweusi wa kung'aa, mwenye sauti ya chini. Boma lake lilikuwa limezungukwa na uzio wa manyara, na penye lango palikuwa na mti mmoja wa kukingamisha usiku ng'ombe wasitoke, ingawa ng'ombe wenyewe hakuwa nao. Alikuwa akiishi na Everlyne, mkwewe, na nyumba ya pili alikaa Okinyi, mdogo wake Odongo. Tulipewa viti na maji. Machage hakunywa maji. Alifungua mfuko, akatoa lile koti, akaliweka mapajani kwa Dorka.

Sijui kama kuna namna nzuri ya kumpa mama habari ile. Najua tu kwamba ile haikuwa namna yake.

Dorka alilinusa koti. Halafu akalikunja vizuri akamrudishia. "Hili ni koti. Mwili uko wapi?"

"Mama, duara likijaa maji hakuna mwili."

"Basi hakuna msiba."

Machage akaeleza kwa upole, ule upole wake wa kununulia, kwamba yeye ana ng'ombe wa Odongo, ng'ombe mmoja, amana ya chumba, na kwamba ni mtu mwaminifu, hawezi kukaa na mali ya marehemu. Mazishi yakifanyika atamleta ng'ombe huyo mwenyewe, kwa mkono wake, mbele ya ukoo.

"Mtunze," alisema Dorka. "Mwanangu atamfuata. Ukinipa ng'ombe huyo, jaduong', utakuwa umenipa maiti."

Jaduong' ni mzee wa heshima, kwa lugha yao. Nilimwona jinsi alivyolitamka neno hilo, na nikampenda mama yule siku hiyo hiyo.

Lakini Machage hakuwa mtu wa kukata tamaa. Alikwenda tena bila mimi, na tena, na safari hizo hakukaa kwa Dorka. Alikaa kwa wazee wa ukoo. Aliwaambia kuna ng'ombe mnono anayesubiri matanga. Alimwambia Okinyi kwamba shemeji yake Everlyne bado ni kijana, na kwamba mwanamke hawezi kurithiwa wakati mume wake hana kaburi. Okinyi hakuwa mtu mbaya, alikuwa tu mtu aliyekula chakula cha Everlyne muda mrefu akimtazama. Na wazee walikuwa na hofu yao ya haki: mtu aliyekufa mbali bila kuzikwa anahangaika, na akihangaika anawahangaisha walio nyumbani. Mtoto wa jirani akiumwa, mvua ikichelewa, kuku wakifa kwa kideri, lawama zote kwa Dorka. Kwa nini hutaki kumlaza mwanao? Walimsukuma hivyo mpaka siku moja alichoka akanyamaza, na wao wakasema amekubali.

Tulimpeleka yule mtamba, ambaye sasa alikuwa ng'ombe mzee, maziwa yamepungua. Wanne walibaki Nkende. Njia nzima nilimuuliza Machage, "Na ndama?" Njia nzima alijifanya anafukuza nzi.

Mwili usipopatikana, watu wa ukoo ule wanazika yago. Ni tunda la porini, refu na zito, linaning'inia mtini kama mchi. Walilivika lile koti la Odongo, ambalo Machage alikuja nalo tena, wakalilaza kwenye jeneza dogo, wakalilia. Nimeona misiba mingi lakini sijawahi kuona mama akiambiwa alimwagie udongo tunda. Dorka alichukua udongo kiganjani, akasimama nao, hamwagi. Wakamwita jina. Hamwagi. Mwisho Okinyi akamshika kifundo cha mkono, akaugeuza mkono wake kwa nguvu, udongo ukaanguka.

Mzee wao mmoja akasema maneno mbele ya kaburi, na nikatafsiriwa. Alisema shimo hili limeshiba na halipaswi kufunguliwa. Kama kuna siku kitu chenye sura ya Odongo kitakuja langoni, kisiruhusiwe kuingia, kwa kuwa aliyezikwa akiingia kwa miguu, shimo litadai mwingine wa boma hili, na litaanza na aliye mdogo kuliko wote. Watu waliitikia. Dorka naye aliitikia.

Ng'ombe akachinjwa. Machage alisimama katikati ya watu na sahani yake ya nyama, akauliza kwa sauti, "Wazee, nimerudisha amana au sijarudisha?"

"Umerudisha!"

"Kuna mtu ananidai?"

"Hakuna!"

Mimi nilitoka pale nikamfuata Dorka jikoni. Nikamwambia, mama, siyo ng'ombe mmoja, wako wengine wanne Nkende, ni wa mwanao, sema nami nitasimama. Aliendelea kuchochea moto.

"Huyu mmoja amenitosha," alisema. "Sitaki mwingine kutoka kwenye mkono ule."

Wangwe alituma mtu wake akaliona kaburi kwa macho. Ng'ombe wanne wa baka jeupe wakaswagwa mpaka Mbalibali pamoja na wengine wa Machage, na Ryoba akaoa. Tulicheza harusi. Machage alicheza kuliko bwana harusi.

Mimi nilihesabu jambo lile limekwisha. Kumbe halijaanza.

Odongo alikuja Nkende asubuhi moja, miaka imeshapita tangu harusi ile, wakati wateja wangu wameshapungua. Sikumtambua mpaka alipoinama. Alikuwa amekonda, amenyolewa kipara, na viatu vyake havikuwa jozi moja. Kikombe kilinitoka mkononi.

"Shikamoo mama Daudi. Mbona unaniangalia hivyo? Ni mimi."

Hakuwa ameingia kwenye duara lile la maji. Alikuwa amevuka mpaka wa Sirari na dhahabu ya tajiri mmoja, askari wa ng'ambo wakamkamata, tajiri akasema hamjui. "Nilishikwa Migori, nikafungwa kule. Hakuna mtu alikuja. Nani angekuja, hakuna mtu alijua." Alikuwa ameachiwa wiki ile, na wa kwanza aliyemkumbuka njiani alikuwa mtamba wake. Alitaka kufika nyumbani akimswaga, asifike mikono mitupu mbele ya Everlyne.

Sikujua nianzie wapi, nikaanzia kwenye uji. Nilipomaliza kumweleza alikuwa bado ameshika kikombe kimejaa.

Machage alitoka nje, akamwona, na nikaapa moyoni kwamba angalau atashtuka. Alishtuka, ndiyo, kwa muda wa kufuta mdomo. Kisha akaja na mikono miwili mbele.

"Odongo! Mungu mkubwa! Tulikulilia sana. Mwulize mama Daudi. Amana yako nilipeleka kwenu, wazee wote ni mashahidi. Mama yako aliipokea."

"Mzee, ng'ombe wangu walikuwa watano."

"Aliyewekwa alikuwa mmoja, aliyerudi ni mmoja. Hao wengine walikula majani ya nani?" Akampiga bega. "Nenda nyumbani, mura, ukawafurahishe."

Nilimtukana Machage matusi ambayo sitayarudia hapa kwa sababu kuna watoto. Akanipa mpaka mwisho wa mwezi nitoe vyombo vyangu. Sawa. Nilifunga biashara nikaongozana na Odongo mpaka Mbalibali.

Wangwe alitusikiliza mpaka mwisho bila kukatiza. Alimtazama Odongo, akawatazama wale ng'ombe. "Kijana, mimi sikatai mali ya mtu," alisema. "Kama ni wewe, nitafungua zizi leo, na Machage atanilipa mwenyewe, nitajua pa kumkamatia. Lakini mtu wangu aliona kaburi lako, na mama yako ndiye aliyezika. Mlete hapa. Aseme mbele yangu kwamba huyu ni mwanangu, nilikosea. Neno moja tu."

Odongo alicheka. Ndiyo mara pekee niliyomsikia akicheka tangu arudi. "Mama? Mama hawezi kushindwa kunijua."

Njia nzima ya kwenda Shirati alikuwa anaongea. Atamalizia mahari kwa wawili, mmoja atamwacha kwa mama anywe maziwa, mmoja atauza aanze upya bila machimbo. Kuhusu Everlyne kurithiwa na Okinyi nilikuwa nimemwambia, lakini nadhani alikuwa ameamua kutosikia. Kuhusu mtoto nilikuwa sina habari mimi mwenyewe.

Tulifika jua likiwa limeelemea. Nilimwambia abaki nyuma ya manyara nitangulie, mama asije akaanguka. Dorka alikuwa uani anapepeta ulezi, na mgongoni amembeba mtoto mchanga, amefungwa kwa kanga, kichwa kimelala. Everlyne alikuwa ziwani anafua. Nilipomsalimia Dorka alifurahi kuniona, kisha akanitazama tena usoni, akaweka ungo chini.

"Umekuja na nani?" aliuliza.

Nikajibu yuko nje. Sikutaja jina. Hakuniuliza.

Alitembea mpaka langoni. Odongo alikuwa hajaweza kungoja, alikuwa ameshatoka kwenye manyara, amesimama njiani na kipara chake na viatu vyake visivyofanana. Dorka alimwona. Namwambia yeyote atakayeniuliza kwamba alimjua. Alimjua kabla hajafika, mwili mzima ulimjua, mkono wake ulinyanyuka wenyewe kwenda usoni kwake, ukafika nusu. Mtoto akajigeuza mgongoni akalia kidogo. Ule mkono ukarudi, ukashika ule mti wa lango, ukaukingamisha.

"Mama," alisema Odongo. "Ni mimi. Sikufa. Nilikuwa nimefungwa."

Dorka alimwangalia kupita juu ya ule mti. "Karibu, wendo," alisema. Wendo ni mgeni. "Unaitwa nani?"

"Mama, ni Odongo."

"Nimekuuliza jina lako, mgeni." Sauti yake ilikuwa ya chini kama siku zote. "Humu ndani kuna kaburi, na kuna huyu. Ana miezi michache tu. Ni mtoto wa Everlyne. Wakubwa wake wawili hawakukaa, walizaliwa wakaondoka. Huyu amekaa. Sasa niambie unaitwa nani."

Nilifungua mdomo. Nilitaka kumwambia ni maneno ya mzee mmoja tu mbele ya tunda, nilitaka kumwambia kuhusu Wangwe na ng'ombe wanne na lile neno moja. Odongo akanigusa mkono kunizuia. Alikuwa anamtazama yule mtoto. Mtoto alikuwa ameshaamka, anamtazama pia, na masikio yalikuwa ya ukoo ule ule.

Nikasikia kuku wakipanda kulala.

"Naitwa Okello," alisema.

"Asante, Okello," alisema Dorka. "Ngoja."

Akaingia ndani akatoka na uji kwenye kibuyu, akampitishia juu ya ule mti. Odongo aliunywa akiwa amesimama, wote mpaka chini, na mama yake akawa anatazama koo lake linavyopanda na kushuka. Alimwuliza kama ametoka mbali. Akasema mbali. Alimwuliza kama ana pa kulala, akasema atapata.

"Nilikuwa na mtoto wa rika lako," alisema Dorka. "Mrefu kama wewe. Machimbo yalimchukua."

Odongo aliinama, akamrudishia kibuyu kwa mikono miwili.

"Pole sana, mama," alisema.